Pesa za Vuria zilale Wundanyi

Tangazo la kupanda Vuria, kilele kirefu kuliko vyote katika milima ya Taita, linazunguka tena kwenye magrupu ya WhatsApp ya Mombasa: kutoka alfajiri, kurudi usiku, kila kitu ndani. Hicho "kila kitu ndani" ndicho kinachoniudhi. Basi la huku, mwelekezi wa huku, chakula cha huku. Kabichi ya Taita inashushwa soko la Kongowea, inapikwa Kisauni, halafu inapandishwa tena kwenye kontena ikaliwe karibu na shamba ilikotoka. Mwenye hoteli ya Wundanyi, mji ulio karibu na mlima huo, anabaki kuangalia basi likipita.

Anayepanga safari ampigie simu mwenye hoteli siku mbili kabla, ataje idadi ya watu, amtumie nusu ya pesa kwa M-Pesa. Ukimshukia na watu 30 saa saba mchana bila taarifa, atawalisha nini? Kimanga, chakula cha Kitaita cha kupondwa chenye maharagwe, kinataka muda, na kwenye mwinuko ule maharagwe huchelewa kuiva. Waelekezi nao wawe wa pale pale: mmoja kwa kila watu 10, mwingine akae nyuma na wanaochoka. Walipwe kwa siku, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye tangazo. Bakshishi si mshahara.

Kuna pia njia yenyewe. Watu wakikwepa tope wanaipanua, nyasi zinakufa, na masika yanachimba mtaro katikati. Dawa yake ni jiwe au gogo lililolazwa mshazari kukatiza njia, likazikwa zaidi ya nusu, likatoa maji upande wa bondeni. Ukililaza moja kwa moja, udongo unajaa nyuma yake na maji yanapita juu. Lazima kila kizuizi kizibuliwe kabla ya Machi na tena kabla ya vuli. Hiyo ni ajira ya vijana wa vijijini, na shilingi 100 kwa kila mpandaji zingeanza kuilipa.

Najua, dizeli ni ghali na wengi hawana zaidi ya Jumamosi moja. Sawa. Lakini maji ya chemchemi za Mzima tunayokunywa Mombasa yanatoka kaunti hiyo hiyo ya Taita Taveta, ambayo zaidi ya nusu ya ardhi yake ni hifadhi ya wanyama ya Tsavo. Wametupa vya kutosha.

Kabla hujalipa, muulize mwandaaji ni shilingi ngapi zinabaki Wundanyi, na mkononi mwa nani. Asipokuwa na jibu, panda treni ya SGR ushukie Voi, chukua matatu ya Wundanyi kupitia Mwatate, ulale huko, upande asubuhi.