Kupunguza jino moja sproketi ya mbele: kwa nani inalipa na kwa nani ni hasara

Kijiweni haya mabishano hayaishi, huyu anasema kwenye pikipiki toa sproketi ya mbele (kile kigurudumu cha meno kinachovuta cheni) ya meno 14 weka ya 13 chombo kichomoke, yule anasema ukifanya hivyo unaua injini. Mi naona wote wana ukweli ila kila mmoja anaongelea njia anayopita yeye.

Hesabu kwanza. Chukua pikipiki yenye 14 mbele na 42 nyuma, sproketi ya mbele inazunguka mara 3 ndo tairi lizunguke mara 1. Ukiweka 13 inakuwa mara 3.23, yaani tairi linapata msukumo zaidi karibu asilimia 8. Ukitaka hivyohivyo kwa nyuma inabidi upande hadi meno 45 na hapo cheni inaweza isitoshe, ndo maana wengi wanagusa ya mbele, bei rahisi na cheni ni ileile, unarudisha tu tairi nyuma kidogo. Lakini injini haijaongezeka nguvu hata chembe! Ulichopata kwenye kuvuta umekilipia kwenye spidi, resi iliyokuwa inakupa 80 sasa inakupa 74 hivi.

Sasa mtu wa Lushoto anayetoa viazi na kabeji Lukozi, hiyo 80 ataikimbiza wapi na kona zile? Yeye shida yake ni kuondoka mlimani na mzigo bila kuishikilia klachi nusu mpaka inanuka, na gia fupi, yaani hii ya meno 13, inamsaidia kweli. Halafu kuna kitu sisikii watu wakikisema, kushuka. Lushoto mpaka Mombo ni zaidi ya kilomita 30 za mteremko na kona, ukiachia resi kwenye gia fupi injini inakushika vizuri zaidi, breki hazichemki haraka, na breki zikichemka pale ukiwa na gunia nyuma ni roho ya mtu. Kwangu mimi hilo peke yake linatosha kusema kwa mlimani badilisha.

Ila wewe unayeshinda lami ya Segera kwenda Chalinze sikushauri kabisa. Injini iliyokuwa inazunguka mara 5,000 kwa dakika inakuwa karibu 5,400 kwa mwendo uleule, siku nzima, mafuta yanakwenda, joto linapanda, oili inachoka mapema. Na cheni nayo inajikunja kwenye duara dogo zaidi kwa hiyo inaisha haraka.

Vijana wa mjini wanaotaka mchomoko tu, mchomoko mtaupata, lakini gia ya kwanza inaisha hata hujavuka makutano. Na kabla hujanunua sproketi angalia chujio la hewa, upepo wa tairi, klachi kama inateleza, breki kama inabana, maana pikipiki nyingi zinazolalamikiwa hazivuti shida iko hapo na siyo kwenye meno.

Ukiamua, hesabu kwanza meno yaliyopo, unaweza kukuta aliyekuuzia alishabadilisha zamani. Cheni ikiwa imeshavutika usiifunge na sproketi mpya, itaila meno ndani ya muda mfupi. Na ile ya 14 usiitupe, pikipiki nyingi ndogo imeshikwa na bolti 2 tu na kisahani, siku ukipata safari ndefu ya tambarare unairudisha, unakaza cheni upya, unaondoka.