Nyimbo 10 Bila Hotel California: Mkusanyiko wa Eagles Unaosingiziwa

Their Greatest Hits (1971–1975), mkusanyiko wa bendi ya Marekani ya Eagles, ina lawama mbili shingoni. Ya kwanza hutoka kwa wapenzi wa kawaida wa muziki wa kantri, wale wa Nakuru wanaoianza Jumapili na Don Williams na kuimaliza na Kenny Rogers: mbona Hotel California, wimbo wao maarufu kuliko zote, haimo? Ya pili hutoka kwa mashabiki sugu wa bendi yenyewe, nayo ni kali zaidi. Wanasema hiyo si albamu, ni biashara ya kampuni, na anayejua mkusanyiko huo tu hajawajua Eagles.

Lawama ya kwanza inajibiwa na kalenda. Mkusanyiko ulitoka Februari 1976. Kazi ya kurekodi albamu ya Hotel California, yenye wimbo huo, ilianza Machi mwaka huohuo, nayo ikatoka Desemba. Kwa hiyo ukijaziwa flashi mjini, ukakuta folda imeandikwa Greatest Hits na Hotel California imo ndani, ujue umepewa kitu kingine: labda Greatest Hits Volume 2 ya 1982, labda mkusanyiko wa 2003 wenye nyimbo 33, au mseto wa dijei uliookotwa YouTube. Wenyewe una nyimbo 10 na unachukua dakika 43 na sekunde chache. Gari likitoka Nakuru kuelekea Kericho, zitakwisha karibu na Mau Summit kama malori hayajaziba barabara. Kagua mbili tu kati ya hizo. Lyin' Eyes iwe ya dakika 6 na sekunde 20 hivi, na Best of My Love ipite dakika 4 na nusu. Ukikuta Best of My Love ya dakika 3 na nusu, hilo ni toleo lililokatwa kwa ajili ya redio.

Halafu angalia mpangilio. Redio nyingi za bei nafuu za magari husoma faili kwa zamu zilivyonakiliwa, wala hazijali majina, hivyo kuandika 01 hadi 10 hakusaidii ikiwa faili zilitupwa humo ovyo. Futa folda nzima, kisha nakili wimbo mmoja mmoja kwa zamu yake. Ni kazi ya dakika chache, na mkusanyiko huu unapoteza nusu ya hoja yake ukisikilizwa shaghalabaghala.

Lawama ya pili ndiyo yenye uzito, na wanaoitoa wana ushahidi. Asylum, kampuni iliyokuwa na mkataba wa bendi, iliamua kutoa mkusanyiko bila kuwashirikisha wanamuziki, na Don Henley, mpiga ngoma na mwimbaji wa bendi, hakuficha kwamba aliuona kuwa uroho wa mauzo. Kilichowauma zaidi ni Tequila Sunrise na Desperado kung'olewa kutoka albamu ya Desperado ya 1973. Albamu hiyo ni hadithi moja ya genge la Doolin na Dalton, majambazi wa magharibi ya Marekani wa karne ya 19. Muziki wa wimbo wa kwanza unarudi baadaye bila maneno, kisha mwishoni kabisa unaungana na ule wa Desperado. Ukiisikia Desperado nje ya hapo unabaki na mtu kwenye piano akimsihi mwenzake asiyetaka kutulia. Ni mzuri hivyohivyo, ila genge halipo tena.

Wanaongeza, kwa haki, kwamba mkusanyiko unaficha jinsi bendi ilivyobadilika. Mwaka 1972 walikwenda London kurekodi na prodyuza Glyn Johns, aliyetaka sauti zipatane na magitaa makavu yasikike wazi. Katikati ya albamu ya tatu, On the Border, walimwacha wakamchukua prodyuza mwingine, Bill Szymczyk, kwa sababu walitaka roki nzito zaidi. Don Felder akaingia na gitaa lake la umeme. Kufikia One of These Nights ya 1975, besi inatembea kama ya muziki wa disko wa wakati huo. Safari hiyo huisikii hapa: nyimbo 6 za Johns na 4 za Szymczyk zimechanganywa bila kufuata miaka.

Haya yote ni kweli. Kinachosahaulika ni kuuliza mpangaji alichagua nini hasa, na hapo ndipo wazo la uroho mtupu linapoanza kuyumba.

Kati ya 1972 na 1975 bendi ilitoa singo 11, yaani nyimbo zilizouzwa mojamoja. Kampuni isiyo na masikio ingechukua Billboard, chati ya nyimbo ya Marekani, na kuhesabu kutoka juu. Best of My Love na One of These Nights zilifika nafasi ya 1. Lyin' Eyes ilifika ya 2. Take It to the Limit ilikuwa bado inapanda mkusanyiko ulipotoka, ikaishia ya 4. Witchy Woman ya 9, Take It Easy ya 12, Peaceful Easy Feeling ya 22, Already Gone ya 32. Hizo ni 8, na hakuna wa kubisha. Zikabaki nafasi 2, na singo 3 za kuzigombania: Outlaw Man iliyofika ya 59, Tequila Sunrise ya 64, na James Dean ya 77.

Kwa hesabu ya chati, Outlaw Man ilistahili kuingia. Iliachwa. Ikachukuliwa Tequila Sunrise, iliyofanya vibaya kuliko hiyo, na nafasi ya 10 ikapewa Desperado, wimbo ambao bendi haikuwahi kuutoa kama singo. Yaani mkusanyiko unaoitwa wa vibao umebeba wimbo ambao wakati huo haukuwa umegusa chati hata mara moja kwa sauti ya Eagles. Mtu fulani katika ofisi ile alikuwa na masikio. Na tazama alikozitoa: nyimbo hizo mbili, zilezile zilizowakasirisha wenyewe, zinatoka kwenye albamu iliyofanya vibaya kuliko zote nne, iliyoishia nafasi ya 41. Bila mkusanyiko, wangapi wangeifikia Desperado? Mwimbaji Linda Ronstadt alikuwa ameuimba wimbo huo mwaka 1973 na kuutangaza kiasi, lakini waliousikia kwa sauti ya Henley wengi waliupata hapa.

Kuhusu kukatwa, wasafi wa albamu, yaani wale wanaotaka albamu isikilizwe nzima, wangepaswa kushukuru. Asylum waliikata Best of My Love kwa ajili ya redio bila idhini ya bendi, na Lyin' Eyes nayo ilipunguzwa ili ipigwe. Kwenye mkusanyiko zote mbili zimerudishwa kwa urefu wake kamili. Kampuni iliyofikiria mauzo pekee ingebakisha matoleo mafupi yaliyokwisha kuuza, iokoe zaidi ya dakika 3, na kuingiza Outlaw Man juu yake.

Mpangilio nao umetukanwa bure. Upande wa kwanza una dakika 21 na sekunde 46, wa pili 21 na sekunde 22. Santuri ikizidi sana hapo kila upande, mifereji hubanwa na sauti hupunguzwa, kwa hiyo nyimbo 10 za urefu huu ndizo zilizotosha. Sasa hesabu albamu zilikotoka. Upande wa kwanza una mbili za 1972, moja ya 1975, moja ya 1974, moja ya 1973. Wa pili una mbili za 1975, moja ya 1973, moja ya 1972, moja ya 1974. Kila upande umegusa albamu zote nne. Anayesema zimetupwa tu hajahesabu. Na Desperado, kwenye albamu yake, inafunga upande wa kwanza; kwenye mkusanyiko inafunga upande wa kwanza pia. Kwenye albamu ilitanguliwa na Tequila Sunrise, kwenye mkusanyiko inatanguliwa na kelele za gitaa za Already Gone, na mimi naona ukimya wa piano unaingia vizuri zaidi baada ya kelele. Hilo mtu anaweza kulibishia.

Kuna namba moja ambayo kila mjadala wa mkusanyiko huu huishia kwayo: 38. Agosti 2018 chama cha kampuni za muziki cha Marekani, RIAA, kiliuthibitisha kwa nakala milioni 38, ukaipita Thriller ya Michael Jackson iliyokuwa na 33. Kelele zikazuka. Wapinzani walisema ni namba ya kupikwa, kwa sababu uthibitisho wa kabla yake, wa 2006, ulikuwa milioni 29, na milioni 9 haziwezi kutokea usiku mmoja. Maelezo yao yakawa kwamba ni usikilizaji wa intaneti, ambao RIAA ilianza kuuhesabu kwenye albamu mwaka 2016: kusikilizwa mara 1,500 ni sawa na albamu moja.

Tufanye hesabu basi. Milioni 9 mara 1,500 ni bilioni 13.5. Kusema nyimbo 10 za miaka ya 70 zimesikilizwa mara bilioni 13 na nusu, ndani ya Marekani pekee, hadi 2018, ni kusema jambo ambalo hata vijana wa Kondele, Kisumu, wanaocheza nyimbo mpya simuni usiku kucha wangelicheka. Intaneti iliongeza kitu, sawa, lakini haikuibeba tofauti yote. Maelezo mepesi zaidi ni kwamba hesabu haikuwa imefanywa kwa miaka 12. Uthibitisho hautoki wenyewe. Kampuni huuomba na kulipia ukaguzi. Thriller ilikuwa ikikaguliwa mara kwa mara, hivyo namba zake zilipanda kidogokidogo na hakuna aliyeshtuka. Za Eagles zilirundikana, zikamwagika siku moja.

Ipo hila nyingine katika hesabu hizi ambayo mkusanyiko huu hauna. RIAA huhesabu seti ya santuri mbili mara mbili, ndiyo maana White Album ya Beatles na The Wall ya Pink Floyd zina namba kubwa kuliko idadi ya waliozinunua. Mkusanyiko wa Eagles ni santuri moja. Nakala moja ni moja. Ndiyo albamu ya kwanza kabisa kupewa cheti cha platinamu, mwezi huohuo wa Februari 1976, mwaka ambao cheti hicho kilianzishwa. Na katika hizo milioni 38 hakuna hata kanda moja iliyorudufiwa Kenya, wala flashi, kwa hiyo msikilizaji wa huku hahesabiwi popote. Labda ndiyo sababu hatuna haja ya kuitetea namba hiyo kwa jasho jingi.

Jambo ambalo mtu wa Kisumu angewauliza wasafi ni hili: nani aliamua kwamba albamu ndiyo kipimo? Benga ya miaka ya 70 iliishi kwenye santuri ndogo, sehemu ya kwanza ya wimbo upande huu na sehemu ya pili upande ule. D.O. Misiani na Shirati Jazz, au Victoria Jazz ya akina Ochieng Nelly, walijenga majina yao hivyo, wimbo baada ya wimbo, na albamu zao nyingi zilikuja kuwa mikusanyiko ya nyimbo zilizokwisha kuchezwa na kuchakaa. Hakuna anayemwambia shabiki wa Misiani kwamba hamjui kwa kuwa alianzia kwenye mkusanyiko. Desturi ya kuiona albamu kama kitabu kisichochanwa kurasa ni desturi nzuri, na Desperado inaidai, lakini Take It Easy ilitoka redioni kama singo na ikaenea kama singo.

Doa moja sioni njia ya kulifuta. Glenn Frey anaongoza sauti katika nyimbo 5, Henley 4, Randy Meisner 1. Bernie Leadon, mpiga gitaa na banjo wa bendi, hana hata wimbo mmoja. Alikuwa ameacha bendi Desemba 1975, na miezi miwili baadaye mkusanyiko ukatoka kana kwamba hakuwahi kusogelea maikrofoni. Mikono yake imo, ukijua pa kusikiliza: banjo inayokimbia chini ya Take It Easy, gitaa la kanyagio (pedal steel) linalolia ndani ya Best of My Love, na nusu ya utunzi wa Witchy Woman. Lakini sauti yake ikikosekana, kantri ya bendi inapungua sana, na kwa wasikilizaji wa Nakuru hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko genge lote la Doolin.

Kuirekebisha ni rahisi. Tengeneza folda ya pili ya nyimbo za Leadon, usiziingize hizi katikati ya zile 10 maana utavunja mfuatano wake. Anza na Twenty-One kutoka Desperado, fupi, yenye banjo. Ifuate My Man ya On the Border, aliyomwimbia mwanamuziki wa kantri Gram Parsons baada ya kifo chake. Kisha Bitter Creek, ya dakika 5, magitaa makavu na sauti zilizopandana. Malizia na Journey of the Sorcerer ya 1975, zaidi ya dakika 6 bila kuimbwa hata neno moja. Kwa hiyo ya mwisho punguza besi ya redio ya gari kwanza, la sivyo vinanda vya nyuzi vitaifunika banjo na hutaisikia.