Taa za Nyuma ni za Aliye Nyuma

Katika gari zima hakuna kitu ambacho mwenye gari hukifaidi kwa macho yake kidogo kama taa za nyuma. Usukani huushika, redio huisikiliza, kwenye kioo cha pembeni hujitazamia ndevu akiwa katika foleni, lakini taa za nyuma huziona siku ya kulinunua gari, siku ya kuliosha na siku ya kugongwa. Siku nyingine zote taa hizo ni za mtu anayemfuata, na kwa kuwa mimi naendesha kigari cha injini ya cc 1000, ambacho kwenye mwinuko hupitwa hata na mchuuzi wa mikate anayesukuma baiskeli yake, mtu huyo anayefuata aghalabu huwa ni mimi. Kwa hiyo nikilalamika kuhusu taa za nyuma za watu, nisiambiwe kwamba naingilia yasiyonihusu. Yananihusu mimi kuliko yanavyowahusu wao.

Hapa mtaani kwetu Donholm kumezuka ufundi wa nyumbani ambao sijui uliletwa na nani. Kila Jumamosi, badala ya kuosha magari kama walivyofanya baba zao, vijana huyavua taa za nyuma, huziegemeza kwenye ukuta wa kibanda cha bawabu, huzikwaruza kwa msasa wa maji, kisha huzipulizia rangi nyeusi ya kopo mpaka zifanane na miwani ya mlinzi wa mbunge. Wenyewe husema kwamba zimetiwa moshi, nami hushangaa, kwa maana moshi tunao wa kutosha, tunaupata bila malipo nyuma ya kila basi la Jogoo Road. Ukiwauliza faida yake, husema kwamba gari sasa lina ukali. Gari lenyewe ni lile la kupelekea watoto shuleni.

Hebu tuzungumze kwa hesabu. Balbu ya kawaida ya nyuma ina nyuzi mbili ndani ya kioo kimoja: mmoja wa wati 5, unaowaka safari nzima ya usiku ili nijue kwamba upo, na mwingine wa wati 21, unaowaka ukikanyaga breki ili nijue kwamba unasimama. Waliobuni balbu hiyo walilijali jambo hili kiasi kwamba vile vijino viwili vya kitako chake hawakuviweka kimo kimoja, ili hata fundi mwenye haraka za saa kumi na mbili jioni asiweze kuipachika kinyume. Tofauti hiyo ya 5 na 21 ndiyo mazungumzo yote tuliyo nayo mimi na wewe barabarani. Lenzi nyekundu tayari imekwisha kuchuja sehemu kubwa ya mwanga, kwa kuwa hupitisha wekundu na kuzuia rangi nyingine, na sasa ukiongeza juu yake tabaka mbili za weusi, 21 yako hunifikia ikiwa imechoka na kuwa 5, na 5 yako hainifikii kabisa.

Na hii ni Nairobi, ambako tuta jipya huweza kuwekwa barabarani bila rangi wala kibao, hivi kwamba dereva mwenye busara hulitambua kwa taa za breki za mtu aliyemtangulia. Usiku mmoja, nikiingia mtaani, nilimfuata kijana mmoja mwenye taa za moshi. Yeye alipunguza mwendo kwa ustadi, gari lake likapanda tuta taratibu na kushuka taratibu, ilhali mimi sikuona chochote kikiwaka mbele yangu, nikalifahamu tuta hilo kwa utosi. Hatua chache baadaye nikampita mwenye mkokoteni wa maji, mtu asiye na injini, betri wala bima, naye alikuwa amening'iniza nyuma ya mitungi yake CD kuukuu iliyorudisha mwanga wa taa zangu vizuri kabisa. Lenzi za magari nazo hutengenezwa zikiwa na kiakisi kwa sababu iyo hiyo, ili gari lililozimwa na kuegeshwa kando lionekane gizani. Ukikipaka rangi kiakisi hicho, umeshindwa na mkokoteni.

Ningeyavumilia hayo yote kama yangebaki nje ya mlango wangu. Taabu ni kwamba ninaye mpwa, mtoto wa dada yangu, ambaye anasomea uhasibu, yuko kwetu kwa likizo ndefu, na ameamua kwamba gari langu linamwaibisha. Alianza kwa heshima. “Mjomba,” aliniambia baada ya chakula cha jioni, “gari lako lina uso wa kawaida sana kwa nyuma.” Nilimwuliza ni lini amewahi kuona kitu chenye uso kwa nyuma. Hakunijibu, bali alinionyesha kwenye simu video ya bwana mmoja wa ng'ambo, mwenye gereji kubwa kuliko shule yangu ya msingi, akiiweka taa nzima kwenye trei, akiiingiza ndani ya oveni, akiitoa, akiifumbua, akiipaka rangi kwa ndani na kuifumba tena, yote hayo kwa muda mfupi kuliko ule ninaoutumia kutafuta spana.

Nyumba yetu ina oveni moja, nayo si yangu wala si ya mpwa. Ni ya mke wangu, aliyeinunua kwa zamu yake ya chama, na humo huokwa keki ambazo kila mwisho wa mwezi hutusaidia kuelewana na kampuni ya umeme. Mpwa alimweleza kwa adabu, akimwita Anti kila baada ya maneno matatu, kwamba kuna taa zinazofungwa kwa gundi ya butili, kwamba gundi hiyo hulegea ikipata joto, na kwamba nyuzi joto 100 kwa dakika chache zinatosha. Mke wangu, ambaye hajasomea plastiki lakini anaijua oveni yake, alimwuliza hizo nyuzi 100 ataziona wapi. Lilikuwa swali la haki. Kitufe cha oveni yetu kilifutika namba zamani, na sasa kina sehemu mbili tu, ya kuoka keki na ya kuunguza keki. Isitoshe, akriliki, ambayo ndiyo hutumika kwa lenzi nyingi za nyuma, huanza kulegea yenyewe ikizidi kidogo hizo nyuzi 100, kwa hiyo kati ya kulegea kwa gundi na kulegea kwa taa kuna upenyo mwembamba ambao oveni ya nyumba ya kupanga haiwezi kuupita.

Akasubiri twende harusini. Alikuwa amejinunulia jozi ya taa zilizotumika kule Kirinyaga Road, ambako watu wazima bado hupaita Grogan, na kwa hilo simlaumu, kwa kuwa hakuzigusa zangu. Aliporudi jikoni na kuziingiza kwenye moto, gundi haikulegea, kwa sababu gundi haikuwapo. Taa nyingi za nyuma hazigundishwi hata kidogo, bali kiwandani lenzi na kasha huyeyushwa kingo na kuunganishwa zikawa kitu kimoja, jambo ambalo bwana wa video hakulitaja kwa kuwa yeye alikuwa akifungua taa za mbele. Tulipofika nyumbani tulikuta taa moja imepindika pembeni na kukunja kipaji. Nilimpongeza kwa kuupata ule uso aliokuwa akiutafuta. Keki za wiki ile ziliuzwa kwa bei ya chini, na mteja mmoja, mwanachama wa chama, aliuliza kwa upole kama tumeanza kutumia ladha mpya.

Njia ya pili ni ya msumeno. Jirani wetu wa ghorofa ya chini, ambaye hana oveni na kwa hiyo hana wa kumzuia, alizikata taa zake kwa msumeno wa chuma, akazipaka alivyotaka, akazifunga kwa silikoni ya kuzibia sinki. Zilipendeza mwezi wa Februari. Mvua za Machi zilipoanza, maji yalipata njia ya kuingia lakini hayakupata ya kutoka, na sasa jirani akikata kona, maji ya ndani ya taa hukata kona baada yake. Kila jioni huzivua na kuzianika kwenye kamba ya nguo, katikati ya shuka na sare za shule, na mke wake ameacha kuzungumza na mtu yeyote uani.

Sipingi kila kitu. Balbu za LED zina faida ambayo hata mzee wa aina yangu huielewa, nayo ni kwamba huwaka papo hapo, ilhali ile ya uzi huhitaji takriban sehemu mbili za kumi za sekunde ipate moto ndipo iangaze sawasawa. Ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, muda huo ni zaidi ya mita 4 za barabara, ambazo ni ndefu kuliko kigari changu chote. Kwa hiyo nilimruhusu mpwa abadilishe balbu, mradi asiguse lenzi. Alileta kwanza nyeupe, akidai kwamba lenzi itazifanya nyekundu. Zikatoa wekundu uliopauka, kwa kuwa LED nyeupe haina wekundu mwingi wa kuchujwa, naye akarudi mjini kuchukua nyekundu hasa, kwa nauli yangu.

Kisha akafikia indiketa, na hapo ndipo uhasibu wake ulipoanza kunitia wasiwasi. Indiketa ya kawaida hupepesa kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Yetu, baada ya kupewa LED, ilianza kupepesa kwa pupa mpaka gari lililokuwa nyuma yangu likanipisha likidhani nina mgonjwa. Kumbe rilei, kile kidude kinachoipepesa indiketa, katika magari mengi huhesabu umeme unaopita: balbu moja ikiungua, umeme hupungua, na rilei huharakisha ili kumwonya dereva. LED hula umeme kidogo mno, hivyo rilei huamini kwamba balbu imekufa, nayo hupiga kelele kwa niaba ya marehemu. Tiba aliyoniletea mpwa ni rezista ya omu 6, ambayo kazi yake, na ninaomba msomaji alisome hili taratibu, ni kula ule umeme ambao balbu mpya imekataa kuula. Yaani tulinunua balbu isiyo na ulafi, kisha tukanunua kifaa cha kufanya ulafi kwa niaba yake. Volti 12 ukigawanya kwa omu 6 unapata ampea 2, na hizo ni wati 24 zinazogeuka joto tupu, zaidi ya zile 21 tulizokuwa tukizikimbia. Nilimwuliza kama hivi ndivyo wanavyofundishwa kufunga hesabu. Akaniambia kwamba hiyo ni gharama ya mwonekano, kisha akaifunga rezista hiyo kwenye bati, mbali na plastiki, jambo ambalo namshukuru kwalo, kwa sababu huwa ya moto kiasi cha kuyeyusha chochote kitakachoigusa.

Hoja zake nyingine ni za kitoto. Nilipomkumbusha kwamba Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, ipo, na kwamba polisi akitaka mada ya kuzungumza nami, gari lenye nyuma nyeusi litampa mada ndefu, alisema nitumie barabara za ndani. Nilipomkumbusha kwamba, kama mtu yeyote wa Nairobi apendaye kurudi na gari zima, nimechonga namba ya gari kwenye kila taa na kila kioo ili mwizi akose soko, na kwamba rangi itaifunika namba hiyo, alisema mwizi hatazitamani taa nyeusi. Nilimwambia kwamba mwizi naye huenda ana mpwa. Akahamia kwenye matatu, akinitajia zile za Rongai zinazowaka rangi zote za bendera za dunia. Nikamjibu kwamba matatu ina makanga anayening'inia mlangoni na kulipiga bodi kwa kiganja, kwa hiyo ina njia ya pili ya kunijulisha kwamba inasimama, na kwamba siku atakapokubali kuning'inia mlangoni mwangu kutoka Donholm hadi mjini, nitampa kopo la rangi mimi mwenyewe.

Sasa amekuja na jipya, nalo ni indiketa zinazokimbia, yaani mwanga unaoanzia ndani na kutambaa kuelekea nje, ambazo anasema ataziunda kwa utepe wa LED na solda mezani kwangu. Nimemwambia kwamba kama ana utepe, solda na muda, basi ngazi yetu haijapata balbu tangu mwenye nyumba apandishe kodi, na wapangaji hupanda hadi ghorofa ya nne wakipapasa ukuta huku simu ikiwa mdomoni kwa ajili ya tochi. Alifikiri, kisha akanijibu kwa adabu ile ile, “Lakini Mjomba, ya ngazi nani ataipiga picha?”

Anti yake, aliyekuwa akisugua trei, akasema kwamba yeye ataipiga, na kwamba asipoipata picha hiyo kufikia Ijumaa, atakayetaka keki atafute oveni yake.