Swichi ya Mama Zuberi

Mimi nina ugonjwa wa kuangalia LUKU. Wenzangu wakiamka wanashika simu, mimi naenda koridoni kusoma mita ya umeme. Elfu tano yangu inanipa uniti 14 tu. Kuna bwana mmoja mtaa wa pili hapa Tabata, kwa elfu tano hiyo hiyo anaondoka na uniti 40 na ushee, kwa sababu matumizi yake hayafiki uniti 75 kwa mwezi. Bwana huyo simpendi, na hajanikosea kitu.

Basi Desemba tulipopanga kwenda ukweni Lushoto siku kumi, wengine waliwaza nguo na zawadi. Mimi niliwaza mita. Niliapa isisogee hata nukta.

Mama Salma akashauri tuchomoe vitu kimoja kimoja. Nikamuuliza, tuhangaike nini kuinama nyuma ya makabati wakati meni swichi iko koridoni, unaishusha mara moja nyumba nzima inakufa? Vilivyokuwa kwenye friji tulivimaliza usiku ule, mpaka kiporo cha maharage. Nikalifuta, nikaacha mlango wake wazi, nikauegemeza kwa kandambili ya Salma. Huo ni utaalamu: friji lililozimwa ukilifunga linanuka na kuota ukungu. Shika hilo neno, lililozimwa.

Saa kumi alfajiri bajaji iko nje inapiga honi, tunawahi basi stendi ya Magufuli. Nimezima taa, nimefunga kufuli, mfuko wa nazi za ukweni mkono mmoja, begi mkono wa pili, simu yenye tochi nimeing'ata mdomoni. Koridoni kwetu kuna swichi mbili, moja ukuta huu, moja ukuta ule: yetu na ya Mama Zuberi, jirani tunayetazamana naye milango. Yetu ni ya kushoto. Ya kushoto ukiwa unaingia.

Mimi nilikuwa natoka.

Ta! Nikaishusha, tukaondoka.

Chalinze, simu ikaita. "Baba Salma, hivi kwenu umeme upo?"

"Sisi tumezima, Mama Zuberi. Tunabana matumizi."

"Hongereni. Mimi nimeamka giza, na friza limejaa barafu."

Mama Zuberi anauza barafu za ukwaju na ubuyu, na kwa joto la Desemba la Dar huo ndio msimu wake wa mavuno. Nikamshauri aangalie uniti. Akasema mita inasoma 19. Nikamwambia mita nyingine zinadanganya, aongeze tu. Tulipofika Segera akapiga tena: ameongeza, giza bado. Nikamwambia aite fundi. Mombo, tunajiandaa kupanda mlima, akapiga mara ya tatu kunishukuru, fundi yuko njiani.

"Siku hizi umekuwa injinia?" Mama Salma akaniuliza. Nikakunja nne.

Ya Lushoto hayana mengi: baridi, viazi, na mimi kumhesabia baba mkwe uniti ambazo situmii.

Tulirudi usiku. Kufungua mlango, kuna mwanga jikoni na mngurumo kama wa lori linalopanda Kitonga. Friji. Mlango wazi, kandambili iko pale pale, taa yake inawaka. Siku kumi lilikuwa linahangaika kulipoza jiko zima na joto lote la Tabata, bila kupumzika. Nikakimbilia mita. Niliacha uniti 38. Zimebaki 2.6.

Nikaitazama swichi ya kushoto. Nikatoka nje, nikaingia, nikaitazama tena.

Mama Zuberi akatokeza na kanga yake. "Afadhali umerudi, baba. Fundi alikuja, akapandisha swichi kwa kidole kimoja, akachukua elfu kumi. Kumbe kuna mtu aliishusha usiku! Barafu zote zikawa juisi. Na ninamjua." Akanyoosha kidevu kuelekea chumba cha uani, kwa kijana wa bodaboda. Siku kumi hawasalimiani.

Hapo ningeweza kunyamaza. Ila Mama Salma alikohoa, na kikohozi kile nakijua.

Nikasema. Mama Zuberi alinikodolea macho, halafu akacheka mpaka akashika ukuta, akamwita yule kijana aje asikie mwenyewe. Kijana alicheka zaidi. Lakini kicheko hakikufuta deni: elfu kumi ya fundi, na barafu 150 za shilingi 200 kila moja. Elfu 40. Kwa bei yangu hizo ni uniti 112. Hesabu hiyo niliipiga nikiwa bafuni, nisionekane uso.

Asubuhi nikaenda kusoma mita kama kawaida yangu. Ukutani, juu ya swichi ya kulia, mtu kaandika kwa mkaa, herufi kubwa: HII YA MAMA ZUBERI. Nikageukia ukuta wetu. Nako kuna maandishi, na mshale wa kuonyesha:

BABA SALMA, BANA YAKO.