Kati ya pingili 91 na 92: papa waliojificha na hoja ya DNA

Mwaka 2013, Joe Quattro wa jimbo la South Carolina, Marekani, na wenzake walimpa jina Sphyrna gilberti papa aliyekuwa akivuliwa miaka yote kwa jina la jirani yake, Sphyrna lewini. Ni jamii ya pingusi, wale wa kichwa cha nyundo. Tangu hapo kisa husimuliwa kwa mkato: vinasaba viliona, macho yakashindwa. Kwa hiyo wapo wanaouliza, ya nini tena kuhesabu pingili za uti wa mgongo ili kutofautisha spishi? Mbona mwaka 2021 nyigu 403 wa Costa Rica walipewa majina kwa kutegemea zaidi DNA?

Maabara ina haki yake. Ni DNA ya watoto wa papa kutoka maji ya pwani ya jimbo hilo iliyoonyesha, katika makala ya mwaka 2006, koo mbili za kinasaba zisizochanganyika kirahisi ndani ya samaki wanaofanana kwa nje. Kipande cha pezi cha ukubwa wa ukucha kikitiwa kwenye ethanoli ya asilimia 95 kinatosha. Pezi kavu sokoni halina uti wa mgongo wa kuhesabiwa, na papa wa mita 3 humlazi kwenye meza ya eksirei. Hapo sina ubishi.

Ila ukoo katika jedwali la vinasaba bado si spishi yenye jina. Ile miaka 7 ya kati ya 2006 na 2013 wengine huiona ni urasimu. Mimi naiona ndiyo kazi yenyewe. Kilichowatenganisha hatimaye ni pingili zilizo mbele ya mkia: gilberti ana 83 hadi 91, lewini ana 92 hadi 99. Itazame vizuri hesabu hiyo. Baina ya 91 na 92 hapapiti hata wembe. Ukikosea pingili moja, umembadilisha samaki jina.

Na kukosea ni rahisi. Papa ni gegedu tupu, lakini pingili zake hushika chokaa, ndiyo maana eksirei huziona. Taabu iko kwenye ncha mbili. Mbele, pingili za kwanza humezwa na kivuli cha fuvu. Nyuma, hesabu inakomea panapoanzia tawi la juu la pezi la mkia, na mpaka huo mara nyingi huangukia katikati ya pingili. Samaki akilala amejipinda, mpaka unasogea. Dawa yake ni kumnyoosha, kuchoma pini ya chuma pale pezi linapoanzia kabla ya kupiga picha, kisha watu wawili wahesabu kila mmoja peke yake bila kuambiana. Wakitofautiana, picha inarudiwa.

Mtu atasema alama nyembamba namna hiyo haiaminiki. Ingekuwa inasimama peke yake, ningekubali. Lakini inawagawa samaki walewale kwa mstari uleule uliochorwa na DNA, na papa huzaliwa na pingili zake zote, kwa hiyo mtoto aliyezaliwa karibuni anatoa ushahidi sawa na mkubwa.

Halafu kuna jambo linalosahauliwa. Carter Gilbert, mtaalamu wa samaki ambaye jina la spishi linamuenzi, aliandika mwaka 1967 kuhusu papa mmoja aliyevuliwa karibu na mji wa Charleston, South Carolina, mwenye pingili 10 pungufu. Mwili ulihifadhiwa katika jumba la makumbusho ya viumbe la taifa, Washington. Kwa karibu miaka 40 ulionekana kama kioja tu. Vinasaba vilikuja kueleza kwamba hakikuwa kioja, ila kasoro ilikuwa imeshaonwa na mtu mwenye subira ya kuhesabu. Vielelezo vya zamani vilivyolowekwa kwenye formalini, dawa ya kuzuia kuoza, DNA yake huwa imekatika vipande na kugandana na protini. Pingili zake bado zinaweza kuhesabiwa.

DNA nayo hudanganya. Mwaka 2019 ilithibitishwa kwamba spishi hizi mbili huzaliana, na machotara wengine hurudi kuzaa na lewini. Kipimo cha haraka kinachotumiwa sana husoma herufi kama 650 za DNA ya mitokondria, vile viwanda vidogo vya nishati ndani ya seli, nazo hurithiwa kwa mama tu. Chotara wa mama gilberti atasomeka gilberti safi. Kumkamata ni lazima usome sehemu nyingi za DNA ya kiini cha seli, inayotoka kwa wazazi wote wawili, na gharama inapanda.

Hayo yana uzito nje ya maabara. Marekani ilipoorodhesha makundi ya lewini yaliyo hatarini mwaka 2014, kundi la Atlantiki ya kaskazini-magharibi na Ghuba ya Meksiko liliachwa nje. Ndiko gilberti alikojificha. Kila takwimu ya zamani ya “lewini” wa huko ni jumla ya samaki wawili, na aliye wengi humfunika aliye wachache.

Kwetu mfano uko karibu zaidi. Mwaka 2020 alitangazwa papa msumeno mwenye matamvua sita, Pliotrema annae, kwa sampuli za Zanzibar. Pima umbali kutoka ncha ya msumeno hadi mdomoni: ndevu za huyu ziko takriban katikati, za Pliotrema warreni ziko theluthi mbili ya njia. Rula tu inatosha, mradi kichwa hakijakatwa na kutupwa kabla mtu hajapima.