Stesheni ya Arusha na hesabu ya mzigo wa kurudi

Oktoba 2020 treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilifika tena Arusha, baada ya stesheni hiyo kukaa takriban miaka 30 bila huduma. Moshi ilitangulia, Desemba 2019. Ubishi haujaisha: je, ilikuwa busara kufufua reli ya upana wa milimita 1,000 wakati nchi inajenga ya milimita 1,435?

Wanaopinga wameshika hoja moja nzito, nayo ni muda. Treni hufuata Reli ya Kati hadi Ruvu, ikakata kaskazini kwa kipande cha kilomita 188 kilichojengwa miaka ya 1960, ndipo ikaishika njia ya Tanga na kupita Korogwe, Mombo, Same na Moshi. Abiria analala njiani. Wa basi la alfajiri anashuka Arusha siku hiyo hiyo. Kwa mwenye begi moja na miadi ya kesho asubuhi, basi limeshinda.

Ila si kila msafiri ana begi moja. Familia yenye watoto wanne na magunia hupiga hesabu nyingine, hasa Desemba, Wachaga wanapokwenda "kuhesabiwa", yaani kurudi kwao Kilimanjaro kwa sikukuu, na tiketi za basi zinapoadimika. Stesheni ndogo za katikati nazo hunufaika, pengine kuliko Arusha yenyewe.

Kinachosahaulika ni kwamba njia hii ni ya reli moja. Treni mbili hupishana stesheni tu, penye reli ya pembeni. Stesheni moja ikifungwa, treni inayopanda itasubiri mbali zaidi hadi inayoshuka ipite, na ratiba nzima inavutika. Kwa hiyo hata stesheni isiyopandisha abiria kumi ina kazi yake.

Kupaka jengo rangi ni kazi ya wiki chache. Ugumu uko kwenye tuta, yaani udongo na kokoto zinazobeba reli. Kwanza hufyekwa vichaka, kisha kiberenge, kigari kidogo cha ukaguzi, hupita taratibu mafundi wakikagua taruma moja moja, yaani gogo au chuma kinacholazwa chini ya reli: lililooza au kuliwa na kutu hutolewa, upana wa reli hupimwa, boliti zilizong'olewa na kuuzwa kama vyuma chakavu huwekewa nyingine, kokoto hushindiliwa. Baada ya hapo kichwa cha treni hujaribiwa kwa mwendo mdogo.

Maji ndiyo huharibu kazi hiyo mapema. Reli imelala chini ya milima ya Usambara na Pare, na kila masika makorongo hushusha mchanga unaoziba makalavati. Maji yakikosa pa kupita hupanda tutani. Kokoto zikichanganyika na tope hazipitishi maji tena, kila gurudumu likikanyaga taruma tope linaruka, na baada ya muda reli inabonyea. Dereva anaamriwa apunguze mwendo, saa zinaongezeka, abiria wanarudi kwenye mabasi. Kuzibua kalavati kabla ya mvua ni kazi ya majembe na vibarua, nafuu mno kuliko kujenga tuta upya. Bajeti ikibanwa, hiyo ndiyo hukatwa kwanza. Ajabu.

Upande wa fedha, sioni abiria peke yao wakiilipia njia hii. Mzigo unaweza. Saruji ya Tanga ilianza kupelekwa Moshi kwa reli mwaka 2019, kabla ya treni ya abiria. Tuseme treni ina mabehewa 20, kila moja tani 35: hizo ni tani 700, yaani malori 23 au 24 ya tani 30. Barabara inapumua. Tatizo ni kurudi. Mabehewa yakishuka matupu, safari moja inabeba gharama ya mbili, na lori linalorudi na vitunguu au maharage litaishinda reli kwa bei. Tena mkulima hapeleki gunia stesheni asikojua behewa litaondoka lini. Anahitaji ghala, mizani na siku maalumu ya kupakia.

Na hiyo reli mpya? Ikija kaskazini, ya zamani itapoteza abiria wengi. Lakini njia mpya hujengwa kwa miaka, na kokoto, saruji na nondo zake zinahitaji usafiri. Kwa muda huo inatosha kuitunza njia iliyopo ipite salama kwa mwendo wake wa sasa. Kumwaga mabilioni ili ikimbizane na mabasi sikubaliani nako. Fedha hizo zingeanza na makalavati kati ya Mombo na Same, kisha ghala la Arusha.