Laptopu iliyokamilika au kiunzi cha kujazia mwenyewe?

Uhuru anaouona mtu katika laptopu ya kiunzi, ile inayouzwa bila RAM (kumbukumbu ya kazi), bila SSD (hifadhi ya mafaili) na bila mfumo endeshi, ni mdogo kuliko unavyosifiwa. Prosesa imeshachaguliwa, tena imelehemiwa kwenye ubao mama, na kadi ya picha kwa kawaida iko papo hapo. Kioo, kibodi, feni na bawaba ni uamuzi wa kiwanda. Framework ya Marekani, iliyoanza kuuza laptopu mwaka 2021, imekwenda mbali zaidi: ubao mama wenyewe unabadilishwa, kwa hiyo prosesa mpya inaingia katika umbo lile lile. Viunzi vingi havifiki huko.

Hicho kidogo kinachobaki, hata hivyo, si haba. Watengenezaji wengi hutoza nyongeza nono kwa RAM na SSD kubwa, na hapo anayenunua vipande mwenyewe huweza kuokoa fedha. Pia anaamua vipangwe vipi. Laptopu ya dukani yenye GB 16 inaweza kuwa na kijiti kimoja tu cha RAM. Vijiti viwili vya GB 8 hufungua njia mbili za data, na picha zinazotegemea prosesa, ambazo huchota kumbukumbu kutoka RAM hiyo hiyo, huenda kasi zaidi. Mtumiaji wa Linux, mfumo endeshi wa bure, naye halazimiki kulipia leseni ya Windows asiyoihitaji. Anayeitaka Windows, kwa upande mwingine, atainunua peke yake, na akiba yote inaweza kuishia hapo.

Usumbufu wa kiunzi hujitokeza siku ya kwanza. Kijiti cha DDR4, kizazi cha zamani cha RAM, hakiingii katika nafasi ya DDR5, kizazi kilichofuata, kwa sababu mkato wake uko mahali tofauti. Ukiweka DDR5 sahihi, kioo kinaweza kubaki cheusi kwa dakika kadhaa mashine ikijipima na kumbukumbu mpya. Asiyejua hudhani imekufa, anaizima katikati, na kazi inaanza upya. Baadaye ikianza kuganda ovyo, muuzaji wa RAM atakuambia tatizo ni ubao, na wa ubao atakurudisha kwa RAM. Laptopu iliyokamilika ina dhamana moja na mtu mmoja wa kumdai. Kwa anayeishi kwa kazi ya kompyuta hiyo, jambo hili lina uzito kuliko akiba ya vipande.

Kwa hiyo wengi nawashauri wanunue iliyokamilika, ila kwa sharti moja: ikiwezekana isiwe imefungwa, yaani RAM na SSD zake ziweze kubadilishwa. RAM ya aina ya LPDDR iliyolehemiwa huokoa umeme na kuruhusu umbo jembamba, faida ya kweli kwa msafiri, lakini GB 8 za leo zitabaki GB 8 mpaka mwisho wa mashine. Kiunzi nakiona kinamfaa mwenye RAM na SSD zinazolingana nacho tayari, au anayejua Linux na haogopi bisibisi.

Kabla ya kulipa, tafuta mwongozo wa matengenezo wa modeli hiyo hasa, maana hata ndugu zake wa jina moja hutofautiana. Ukiona nafasi za SO-DIMM (za vijiti vya RAM) na M.2 (za SSD), mlango uko wazi. Ukisoma kwamba kumbukumbu imelehemiwa na bado unaitaka mashine hiyo, nunua tangu mwanzo kiasi utakachokihitaji miaka mitano ijayo.